Ushahidi wa Mama: Malezi ya Mtoto Mwenye Ulemavu wa Ukuaji Ugenini

Mwaka 2008 akina mama wa Kisomali wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, walianza kuuliza swali ambalo hakuna ofisi iliyokuwa na jibu lake. Kila walipopeleka watoto kwenye madarasa ya awali yaliyotengwa kwa ajili ya wenye usonji, walikuta humo watoto wanaowafahamu: wa jirani, wa binamu, wa mama waliyekaa naye msikitini Ijumaa iliyopita. Wengi wao waliishi Cedar-Riverside, mtaa wa maghorofa marefu ambao wenyeji huuita Mogadishu Ndogo, na wengi walikuwa wamepitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya. Utapiamlo, malaria na kifafa walivijua. Lakini mtoto aliyetimiza miaka mitatu bila kumwita mama, asiyegeuka akiitwa, anayeshinda akipanga vifuniko vya chupa mstari mmoja na kulia mtu akiugusa, huyo walisema hawakumwona kwao. Kwa nini hapa? Na kwa nini sisi?

Idara ya Afya ya Minnesota ilichunguza, na Machi 2009 ikatoa ripoti iliyothibitisha jambo moja: katika shule za umma za jiji hilo, uwiano wa watoto wa Kisomali wa miaka mitatu na minne walioandikishwa kwenye programu za usonji ulikuwa mkubwa kuliko wa watoto wengine. Sababu haikutajwa. Isitoshe, kuhesabu walio darasani si sawa na kuhesabu wote wenye usonji mjini, kwa hiyo ikabidi ufanyike utafiti mwingine. Matokeo yake yalitolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota Desemba 2013. Miongoni mwa watoto wa miaka 7 hadi 9 walioishi Minneapolis mwaka 2010, mtoto 1 kati ya 32 wa Kisomali alikuwa na usonji. Kwa Wazungu alikuwa 1 kati ya 36, kwa Weusi wasio Wasomali 1 kati ya 62, na kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini 1 kati ya 80.

Mtu mwenye haraka angefunga faili hapo, kwa kuwa kitakwimu Wasomali na Wazungu hawakutofautiana. Jambo zito limo kurasa za ndani. Kila mtoto wa Kisomali aliyebainika kuwa na usonji katika hesabu hiyo alikuwa pia na ulemavu wa akili, ilhali katika makundi mengine waliokuwa na hali zote mbili walikuwa sehemu tu ya wenye usonji. Basi, ama watoto hao waliathirika vikali kuliko wenzao, ama wale wenye dalili nyepesi hawakuwa wakionekana kabisa na mfumo wa shule na hospitali. Lolote kati ya hayo likiwa kweli, mama waliopaza sauti mwaka 2008 walikuwa wameona kitu.

Mwaka huohuo wa 2008, Sweden nako kulichapishwa utafiti kuhusu watoto wa Kisomali wa Stockholm. Usonji unaoambatana na ulemavu wa akili ulikuwa asilimia 0.7 kwa watoto hao, na asilimia 0.19 kwa wengine. Watafiti walifikiria upungufu wa vitamini D kwa wanawake waliohama kutoka jua kali kwenda kwenye majira marefu ya giza, lakini dhana hiyo haijathibitishwa. Utafiti mwingine wa Stockholm, wa mwaka 2012, uliwapima watoto wa wahamiaji wa mataifa mbalimbali na kukuta kwamba usonji wa namna hiyo ulikuwa mwingi zaidi pale mama alipohama karibu na wakati wa ujauzito. Kumbe hata jambo hilo si la Wasomali peke yao.

Hoja ya mhadhara huu ni fupi. Mama mhamiaji huwa wa kwanza kuona kwamba mtoto wake ana jambo, na huwa wa mwisho kusadikiwa. Kati ya kuona kwake na kusadikiwa kwake hupita miaka, na ni miaka ileile ambayo tiba ya usemi na mafunzo ya awali humfaa mtoto kuliko wakati mwingine wowote.

Minneapolis miaka hiyo haikupita bure, maana kuna mtu aliyeitumia. Andrew Wakefield, daktari wa Kiingereza, mwaka 1998 aliandika katika jarida la Lancet makala iliyohusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Makala hiyo ilifutwa na jarida Februari 2010, na miezi michache baadaye yeye mwenyewe akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Kati ya 2010 na 2011 alifika Minneapolis zaidi ya mara moja kukutana na wazazi wa Kisomali. Idara ya afya ilikuwa na takwimu bila sababu. Yeye alikuwa na sababu bila ushahidi. Kwa mzazi aliyekuwa akipigwa kalenda kutoka ofisi moja hadi nyingine, hatimaye alikuwa amepatikana mtu anayekubali kwamba swali lake ni swali.

Gharama yake ilionekana upesi. Mwaka 2004, asilimia 92 ya watoto wa Kisomali wa Minnesota walikuwa wamepata chanjo hiyo kufikia umri wa miaka miwili. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 42. Mwaka 2011 mtoto ambaye hakuchanjwa aliambukizwa surua akiwa matembezini Kenya, akarudi nayo, na mlipuko ukafikia wagonjwa 21. Mwaka 2017 ukaja mkubwa zaidi: wagonjwa 75, na 61 kati yao walikuwa wa asili ya Kisomali. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto 657,461, haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji, kama ule wa 2002 uliofanyika hukohuko ukiwa na zaidi ya watoto nusu milioni. Ni rahisi kuwalaumu akina mama wa Cedar-Riverside kwa kumsikiliza tapeli. Ni haki pia kuuliza ni nani mwingine aliyekuwa amekuja kuketi nao.

Kumlaumu mama, hata hivyo, ni desturi ya zamani katika somo hili. Leo Kanner, aliyezaliwa katika dola ya Austria na Hungaria akahamia Marekani mwaka 1924, aliandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 na kuwa miongoni mwa wa kwanza kuueleza usonji. Humo alitia neno kuhusu wazazi wasio na bashasha. Bruno Bettelheim, mzaliwa wa Vienna aliyenusurika kwenye kambi za Dachau na Buchenwald kabla ya kukimbilia Marekani, alilikuza neno hilo hadi likawa nadharia: mama baridi ndiye aliyemfungia mtoto ndani ya nafsi yake. Kitabu chake cha 1967 kiliwaumiza wanawake wengi, na inashangaza kwamba kiliandikwa na mtu aliyejua mwenyewe maana ya kuwa mgeni. Bernard Rimland alikuwa ameshaipinga nadharia hiyo kwa hoja za kibiolojia tangu mwaka 1964. Rimland alikuwa mwanasaikolojia, na alikuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji.

Nyumbani nako lawama zipo, ila zina sura nyingine. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Kilifi na Mombasa, wakiwauliza wazazi na wataalamu kuhusu chanzo cha usonji. Walitajiwa mapepo, uchawi na laana. Walitajiwa vilevile maambukizi, uzazi wenye matatizo na kurithi. Mzazi mmoja anaweza kuyashika yote kwa pamoja: leo kisomo, kesho kwa mganga, keshokutwa hospitali ya rufaa. Aliyekosa jibu hubisha milango yote. Mama akihamia Ulaya au Amerika, lawama za nyumbani humfuata kwa simu. Bibi anauliza mbona mjukuu hasemi salamu. Shangazi anashauri akakatwe udata. Mjomba anasema muacheni, wavulana huchelewa, hata baba yake alianza kusema akiwa na miaka minne. Na daktari wa huko, kwa lugha ya upole zaidi, mara nyingi husema karibu yaleyale: tusubiri, huenda ni kwa sababu nyumbani mnazungumza lugha nyingine.

Kauli hiyo ya kusubiri imechunguzwa. Mwaka 2009 Sander Begeer na wenzake wa Uholanzi waliwapa madaktari wa watoto maelezo mafupi ya watoto wenye dalili za usonji, tofauti ikiwa asili ya familia. Madaktari walipoachwa wajibu kwa maneno yao wenyewe, waliutaja usonji mara chache zaidi mtoto alipokuwa wa Kimoroko au wa Kituruki kuliko alipokuwa Mholanzi. Walipopewa orodha ya hali zinazowezekana na kutakiwa kupima kila moja, upendeleo huo ulitoweka. Hapa kuna somo la bei nafuu kabisa kwa wizara yoyote ya afya: karatasi yenye maswali ya lazima, yanayoulizwa kwa kila mtoto, inaweza kuziba pengo ambalo semina za kubadili mitazamo hazijaziba.

Sasa suala la lugha, ambalo limeleta madhara makubwa kimyakimya. Kwa miaka mingi wataalamu wamewashauri wazazi wahamiaji waache lugha ya nyumbani wazungumze Kiingereza tu, ili wasimchanganye mtoto ambaye tayari ana shida ya usemi. Ushauri unasikika wa busara, lakini ushahidi hauuungi mkono. Mwaka 2005 Elizabeth Kay-Raining Bird wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, na wenzake walilinganisha watoto wenye hali ya Down waliolelewa kwa lugha mbili na wenzao wa lugha moja. Katika Kiingereza, wa lugha mbili hawakuwa nyuma. Catherine Hambly na Eric Fombonne wa Montreal walikuta mwaka 2012 kwamba watoto wenye usonji wanaokua katikati ya lugha mbili hawakuchelewa zaidi ya wenzao.

Fikiria ushauri huo ukifuatwa na mama wa Uvira aliyeishi Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha akapelekwa Marekani akiwa na Kiingereza cha kuombea maji. Jioni nzima anamsemesha mtoto kwa maneno ishirini anayoyajua. Vitendawili vinaisha, nyimbo zinaisha, utani na bibi kwenye simu unaisha. Kaka na dada wanaendelea kuchanganya lugha kama kawaida, na mtoto aliyekuwa akihitaji kusemeshwa kuliko wote ndiye anayesemeshwa kidogo kuliko wote. Hadi mwaka 2024 Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, kwa hiyo Kiswahili sasa ni lugha ya vikao vya elimu maalumu katika miji ambayo zamani haikukisikia. Wapo pia Wazigua na Wabantu wengine wa Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanganyika na maeneo ya kusini yake katika karne ya 19. Wakiwa wakimbizi nchini Kenya, wazao hao walihamishiwa Kakuma, na kuanzia 2003 maelfu yao wakapelekwa Marekani.

Vikao vyenyewe vina historia. Mwaka 1970, huko California, wazazi wa watoto tisa wenye asili ya Meksiko walikwenda mahakamani kwa sababu watoto wao walipimwa akili kwa Kiingereza, wakashindwa, wakatiwa kwenye madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Kesi hiyo, ijulikanayo kwa jina la Diana, ilimalizika kwa makubaliano kwamba mtoto apimwe kwa lugha anayoifahamu. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria inayompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma bila malipo, na kumpa mzazi kiti katika kikao kinachoandaa mpango wa mtoto wake. Shule inatakiwa kuleta mkalimani pale mzazi anapomhitaji. Kwa maandishi, hakuna mama aliyeachwa nje.

Mambo huharibika kwenye kiti chenyewe. Mama aliyelelewa kumheshimu mwalimu haingilii maneno ya watu wazima wanaoshika kalamu. Anainamisha kichwa kuonyesha kwamba anasikiliza, na anayeandika kumbukumbu anaandika kwamba amekubali. Mkalimani naye, ikiwa amefika, pengine amekulia Mombasa ilhali mama anasema Kiswahili cha Bukavu, na pale asipofika, hukaribishwa dada mtu wa darasa la saba atafsiri habari za mdogo wake kupimwa akili. Kikao kinafungwa kwa sahihi, na sahihi hiyo baadaye huhesabiwa kuwa kauli ya mama.

Lakini kuna akina mama ambao ushahidi wao ulikataliwa kabla hawajafika kwenye kikao chochote, kwa kuwa mpaka wenyewe ulishawafungia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1882 iliwazuia watu wenye ulemavu wa akili na yeyote aliyedhaniwa kuwa ataitegemea serikali. Kwenye kisiwa cha Ellis, New York, daktari Howard Knox aliunda mafumbo ya mbao na vipande vya kugusa kwa mpangilio, ili kuwachuja waliodhaniwa kuwa na akili dhaifu miongoni mwa watu waliotoka kusafiri kwa wiki nzima au zaidi melini. Mtoto mdogo akikataliwa, mzazi mmoja ilimbidi arudi naye.

Mafumbo ya mbao yamewekwa makumbusho, hesabu imebaki. Sheria ya uhamiaji ya Kanada inaruhusu kumkataa mwombaji ambaye familia yake itazidisha mzigo kwenye huduma za afya na za jamii. Mwaka 2016 Felipe Montoya, profesa kutoka Kosta Rika aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha York, alikataliwa ukaazi wa kudumu kwa sababu mwanawe ana hali ya Down. Kelele zilipigwa, na baadaye mwaka huohuo akaruhusiwa. Juni 2018 serikali ilipandisha kiwango cha gharama kinachovumiliwa mara tatu, hadi dola 19,812 za Kanada kwa mwaka, na kuiondoa elimu maalumu kwenye hesabu. Australia ilimkatalia daktari Mjerumani Bernhard Moeller mwaka 2008 kwa sababu kama hiyo, ilhali mji wake wa Horsham ulikuwa ukimhitaji. Waziri aliingilia kati mwezi uliofuata. Julai 2024 Australia iliweka kiwango chake kuwa dola 86,000 za huko. Anayepanga kuomba kazi ya uuguzi kutoka Nairobi au Dar es Salaam akiwa na mtoto mwenye usonji, afadhali aijue namba hiyo kabla ya kuuza kiwanja. Wakimbizi wao, nchini Kanada, hawapimwi kwa kipimo hicho cha gharama.

Ya Montoya na Moeller yaliisha vizuri, na si vigumu kuona sababu: profesa na daktari hupata waandishi wa habari. Yaya na mtunza wazee hawapati. Uingereza, tangu tarehe 11 Machi 2024, ilizuia wafanyakazi wapya wa utunzaji kuja na wenza au watoto. Basi mwanamke aliweza kuajiriwa huko amwoshe, amlishe na kumtuliza mtu mzima mwenye ulemavu, huku wa kwake mwenye ulemavu ameachwa kwa bibi kijijini. Dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani Ghuba wamekuwa katika hali hiyo miaka yote, na hakuna aliyewahesabu kuwa akina mama wa watoto wenye ulemavu, kwa kuwa mtoto hayuko nao.

Je, kuna kinachosaidia? Kipo, na kimepimwa. Sandra Magaña na wenzake, wakianzia Wisconsin na Chicago, waliwafunza wanawake wa Amerika ya Kilatini ambao wao wenyewe wanalea watoto wenye usonji, kisha wakawatuma majumbani kwa mama wenzao. Wanaeleza usonji ni nini, sheria inasema nini, mtoto achezeshwe vipi ili aombe kitu badala ya kulia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha wazazi wakijiamini zaidi na kutumia mbinu walizofundishwa. Huko Bristol, Uingereza, Nura Aabe, mama wa Kisomali mwenye kijana mwenye usonji, alianzisha shirika la Autism Independence, na akashirikiana na chuo kikuu cha mji huo kuwahoji wazazi wa Kisomali. Katika mifano yote miwili kauli ya mama imechukuliwa kuwa ujuzi. Kwa bahati mbaya pesa za huduma za usonji huvutia wengine pia: mwaka 2025 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani walianza kufungua mashtaka kuhusu programu ya usonji ya Minnesota, wakidai kwamba kulikuwa na madai ya malipo kwa huduma zisizotolewa na wazazi waliolipwa ili waandikishe watoto. Hukumu ni kazi ya mahakama, lakini shuku imeshawaangukia hata akina mama ambao watoto wao wanahudhuria tiba kila asubuhi.

Watoto waliohesabiwa Minneapolis mwaka 2010 sasa wamevuka miaka ishirini. Haki ya elimu maalumu chini ya sheria ya Marekani hukoma, kwa kawaida, mtu anapofikisha miaka 22. Baada ya hapo hakuna basi la shule mlangoni. Kuna orodha za kusubiri, makazi ya pamoja, na kazi chache za nusu siku. Kabla ya hapo, kijana anapotimiza miaka 18, mama hupoteza mamlaka ya kumsemea mpaka aende mahakamani kuomba awe msimamizi wake, na hakimu anaweza kumuuliza ni nani atakayechukua nafasi hiyo yeye akifa. Kwao jibu lingekuwa ukoo mzima. Minnesota fomu inataka jina na anwani, na ndugu anayeaminika kuliko wote huenda anaishi Eastleigh, Nairobi, na hana viza.